Mbio za Mwali wa Kinole

Kinole, 10 Februari 1908

Baba yangu Mikidadi, tarishi wa posta huko Kisaki, shikamoo.

Sisi huku wazima. Mama mzima, Bibi Mosi mzima na sauti yake ni nzima zaidi. Mjomba Salehe alishikwa na homa lakini imemwachia, maana jana nilimsikia akigombana na mtu kwa ajili ya mbuzi aliyekula mahindi yake. Shangazi Mwanaasha wa Matombo ameleta salamu na kuku mmoja. Salamu nakuletea, kuku tumemla.

Nimesema nilimsikia Mjomba, sikusema nilimwona, na hapo ndipo penye habari yenyewe. Tangu mwezi uliopita nimewekwa ndani. Mimi ni mwali sasa, baba. Silioni jua, wanaume hawanioni, na barua hii naiandika kwenye tundu la ukuta ambapo udongo umebanduka. Somo wangu huja kunifundisha mambo ya utu uzima, na Bibi huja kunilisha. Wanasema nitatolewa mwezi wa Shaabani, mavuno yakishaingia, kabla watu hawajaanza kufunga.

Chakula silalamikii. Ninacholalamikia ni miguu. Unajua tangu nikiwa mdogo kila ulipoondoka nilikusindikiza mbio. Kwanza nilifika penye kijito tu, nawe ukanirudisha nikilia. Baadaye nikafika kilima cha pili. Mwaka jana nilikwenda nawe hadi nyumbani kwa Shangazi kule Matombo bila kutembea hata penye mipando, na ukamwambia kuwa huyu hana pumzi za mtoto. Maneno yale nayakumbuka kila siku. Sasa miguu hiyo imekunjwa mkekani kama ya bibi harusi.

Bibi Mosi amesema mwanamke mtu mzima hakimbii ila nyumba yake ikiwaka moto. Nimemuuliza, je, akiwa anamsindikiza baba yake? Akasema hata huyo baba atembee.

Basi nakuuliza wewe. Nikitolewa, nitakusindikiza tena mbio? Nijibu hilo, mengine yote naweza kuyangoja.

Mimi mwanao,
Shamsia


Kisaki, 2 Aprili 1908

Mwanangu Shamsia, marahaba, tena marahaba.

Usidhani nimekaa na barua yako. Mto Mgeta umefurika, na matarishi wa Morogoro walikaa ng'ambo ile, sisi ng'ambo hii, tunatazamana na kupungiana mikono kama watu waliogombana wakataka kupatana. Maji yalipopungua ndipo mfuko ulipovuka, na barua yako ilikuwa ndani ya kilemba cha mwenzangu mmoja, imeloa ncha tu.

Mimi sijambo. Salum, yule ninayekimbia naye, hajambo, ila amezidi maneno. Mwambie mama yako kitambaa alichonipa nimekifunga kiunoni na kinanifaa sana. Mkwe wangu Bibi Mosi mpelekee heshima zangu zote. Mjomba wako mpe pole ya homa na ya mbuzi.

Habari yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Salum akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia la, kuna furaha, lakini imenijia ghafla. Umekuwa mkubwa na mimi sikuwapo. Nimefurahi, mwanangu, na nimeona uchungu kidogo. Yote mawili nakuandikia ili ujue.

Kwa kuwa hutoki, nakuletea njia hii. Tunaondoka Kisaki kabla jua halijapanda, tunashika upande wa Mahenge. Mwanzo ni mchanga, nao unakula miguu, kwa hiyo usikanyage kwa kisigino. Kisha yanakuja majani marefu, na umande unakulowesha hadi kifuani. Juzi hapo tulimkuta simba amelala katikati ya njia. Salum akasema tumpishe. Tukampisha mpaka alipochoka mwenyewe na kwenda zake. Baada ya majani ardhi inakuwa ngumu, na hapo ndipo pazuri, maana pumzi na miguu vinapatana na mtu husahau kama amebeba mfuko. Tukifika kambini tunawakabidhi wenzetu wa mbele, tunapumzika, tunarudi.

Ukiwa ndani usikubali magoti yakauke. Chuchumaa na kusimama, polepole, mara nyingi. Zungusha vifundo vya miguu. Vuta pumzi kwa pua, iteremke hadi tumboni.

Karatasi imekwisha, nakomea hapa.

Baba yako,
Mikidadi


Kinole, 11 Mei 1908

Baba, shikamoo.

Wote wazima. Mvua imebomoa jiko la mama na Mjomba ameanza kulijenga, yaani ametuonyesha mahali atakapolijenga. Migomba imesimama vizuri. Bibi alitaka nimsomee barua yako yote. Nilipofika penye heshima zako kwake nilisoma mara mbili, maana alijifanya hakusikia ile ya kwanza. Habari ya uchungu sikumsomea. Hiyo nimeiweka iwe yangu.

Lakini baba, karatasi haikuwa imekwisha. Chini ya jina lako palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Jibu ninalolitaka lingeenea pale na kubaki nafasi ya kusalimia paka.

Njia yako nimeikimbia. Kila asubuhi mama anapotwanga uani, nami huku ndani nakanyaga chini kwa kufuata mchi wake, pale pale nilipo, mpaka jasho linanitoka. Mchi ukinyamaza, nami nakaa mkekani na kutazama chini kwa adabu. Wiki iliyopita mama aliacha kutwanga ghafla ili aokoe mchele usiliwe na kuku, mimi nikaendelea. Bibi akaingia. Akanikuta nimesimama katikati ya chumba, nguo nimeikunja hadi magotini, nahema. Aliniuliza kuna nini. Nikasema panya. Akatafuta panya huyo hadi adhuhuri, akiinua kila kitu, na mimi nikamsaidia kutafuta.

Shida nyingine ni kunona. Mwali anatakiwa atoke anang'aa, basi nalishwa wali, ndizi na maziwa ya nazi mpaka naona haya. Mashavu yamekuja juu. Naogopa siku nitakayotoka nitakuwa na moyo wa tarishi ndani ya mwili wa gunia.

Narudia swali langu, na safari hii naliandika peke yake ili usilipite. Nitakusindikiza tena mbio?

Shamsia


Kisaki, 20 Juni 1908

Mwanangu, marahaba.

Mpunga wa huku umevunwa, na tangu vita viishe hatujaona mavuno kama haya. Watu wanacheka tena, hata mbwa wamenenepa. Salum ameposa binti wa hapa hapa na amekuwa mtu wa kujitazama ndani ya maji. Homa imenipitia siku chache na imeniacha. Jiko la mama yako limefika wapi? Mwambie Mjomba Salehe nimeuliza kwa mapenzi tu.

Habari ya panya nilimsomea Salum. Tulicheka hadi bwana wa posta akatoka nje kututazama.

Sasa nina jambo la kukuuliza. Huko kunona kwako kumefikia kiasi gani? Usikasirike. Nataka kujua kama mtu angekuinua, angesikia uzito wa gunia la mpunga lililojaa au la nusu? Muulize mama yako kama wewe huwezi kupima.

Mimi siku hizi ninaporudi kutoka kambini, mfuko nikishaukabidhi, nakimbia na gunia la mpunga mabegani. Nilianza na dogo, nikaongeza. Wenzangu wananiita punda wa posta, nami naitikia. Mabega yaliniuma mwanzoni, sasa yamezoea. Kazi iko kwenye kiuno, na katika kuteremka.

Unaniuliza kuhusu mbio. Shamsia, mimi ni baba yako, na damu yangu unayo. Lakini huko milimani mtoto ni wa ukoo wa mama. Nyumba ni ya Bibi Mosi, shamba ni la Bibi Mosi, na neno la mwali ni lake na la mjomba wako. Mimi ni mkwe. Unajua sijapata kumtazama mkwe wangu usoni wala yeye kunitaja jina, na hiyo ndiyo heshima yetu. Nimemwandikia mjomba wako jambo moja. Nangoja.

Endelea kunona. Yaani, endelea vizuri.

Baba yako,
Mikidadi


Kinole, 15 Julai 1908

Baba, shikamoo.

Tu wazima sote. Jiko limekwisha, mama ndiye aliyelimaliza.

Sitaandika mengi. Nimekuuliza jambo moja tangu mwezi wa pili. Umenijibu habari za simba, za mchanga, za uchumba wa Salum, na mwisho umeniuliza kama mimi ni gunia zima au nusu. Nililia, kisha nikamuuliza mama kama ulivyoagiza. Akajaribu kuninyanyua, akanishusha, akasema mwambie lililojaa, lenye kushindiliwa.

Juzi Mjomba alipita karibu na ukuta wangu. Nikamwita kupitia tundu, nikamuuliza umemwandikia nini. Alianza kucheka, akacheka hadi akakohoa, akaenda zake akiwa bado anacheka. Kwa hiyo mnacheka wote wawili, nami niko gizani.

Somo wangu ni mwema. Ananifundisha namna ya kutembea nikishatoka, hatua fupi, macho chini, na nimejifunza. Ananisifu. Kila anaponisifu naona kama mtu anafunga mlango polepole ili asinishtue. Nikiwa nakimbia nyuma yako sikuwa mtoto wa mtu wala wa ukoo wa mtu, nilikuwa pumzi tu na mgongo wako mbele yangu. Hicho ndicho ninachokiogopa kukikosa. Siogopi kuwa mkubwa.

Kama jibu ni hapana, liandike. Nitalizoea. Lakini usiniletee tena habari za njia, maana zinanifanya nitake.

Shamsia


Kisaki, 14 Agosti 1908

Mwanangu Shamsia, marahaba.

Barua hii ikufikie upesi, nimemwomba kila tarishi wa njiani kwa jina lake. Mimi mzima. Wasalimu wote, na wote nasema wote.

Umenikemea na una haki. Nilikuwa najitia hamnazo. Kusema hapana sikuweza, mkono ulikataa. Kusema ndiyo ingekuwa kukuahidi kitu ambacho hakikuwa changu kukitoa, na wewe ungenisadiki. Basi nikakaa kimya nikiona kimya ndiyo hekima, kumbe wewe huko unalia. Nisamehe. Nimejifunza kwamba mtu aliye gizani asinyamaziwe.

Sasa nakueleza ninachokijua. Siku mwali anapotolewa hakanyagi chini. Hubebwa mabegani kutoka nyumbani hadi uwanjani penye ngoma, na katika ukoo wenu mbebaji ni mjomba. Nilimwandikia Mjomba Salehe nikamwomba anipe nafasi hiyo. Nilimwambia kwamba shamba la kukuachia sina, wala nyumba, wala jina la ukoo, maana vyote hivyo unavipata kwa mama yako. Mimi nina miguu tu, na ningependa siku ile uipate. Nilidhani atakasirika. Alijibu kwamba amekuona kwa mbali kupitia tundu, na mgongo wake unanishukuru.

Ndiyo maana ya gunia, mwanangu. Sikukuuliza kwa dharau. Kila nilipoteremka nalo nilikuwa najifunza kukubeba.

Watu wakimbeba mwali hutembea kwa madaha, huku wanayumba na kuimba. Mimi ni tarishi, na katika kazi yetu mwenye mzigo hatembei. Sijamwambia mjomba wako hayo, na wewe usimwambie mtu. Kama utakimbia tena baada ya siku ile, hilo liko kwa bibi yako na siwezi kulisema. Lakini siku ile utakimbia.

Bwana wa posta amenipa ruhusa. Nitafika Shaabani.

Baba yako anayekupenda,
Mikidadi


Kinole, 30 Oktoba 1908

Baba, shikamoo, na Idd njema ingawa imekwisha pita.

Sote wazima. Mama anasema umesahau kisu chako, nami nakuambia hukukisahau, amekificha mwenyewe ili urudi. Mjomba hajambo, goti tu linamuuma, na sababu unaijua.

Najua ulikuwapo na uliyaona yote, lakini hukuyaona kutoka juu nilipokuwa mimi, basi acha nikueleze. Waliponitoa mlangoni nimefunikwa kanga, jua lilinichoma macho nikadhani nitaanguka. Kisha nikasikia mabega yako chini yangu na sauti yako ikisema, "Shika kichwa, usishike masikio." Hapo nikatulia. Ulitembea vizuri, kwa madaha kama wanavyotaka, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikaanza kudhani umeghairi. Tulipopita kona ya nyumba, njia inapoanza kuteremka, nikakusikia unavuta pumzi kwa pua.

Baba, sijui nikuambie nini. Kanga ilinitoka kichwani. Niliona migomba ikija na kupita, niliona bonde lote hadi chini, upepo ukaniingia mdomoni kwa kuwa nilikuwa nacheka. Nyuma wapiga ngoma walikuwa wanajaribu kukimbia na ngoma tumboni. Na juu ya kelele zote nikasikia, "Mikidadi. Mikidadi, mtoto huyo." Nikageuka. Alikuwa Bibi Mosi, anakutaja jina, kaniki ameinua hadi magotini, na anakuja mbio. Nyuma yake somo wangu, yule wa hatua fupi. Nyuma yake Kinole nzima.

Tulifika uwanjani hapana mtu ila watoto waliolinda vyungu. Ukaniambia nimenona. Kisha akafika Bibi. Watu wote walisogea kusikia atasema nini, maana hajapata kusimama mbele yako karibu namna ile. Alishika kiuno, akahema, akahema tena, akasema, "Huyu ni mtoto, si barua." Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, na wewe ukainamisha kichwa mimi nikiwa bado mabegani, nusura nianguke.

Sasa nikueleze usiloliona. Asubuhi uliyoondoka nilikuwa nimekaa uani, macho chini, kama nilivyofundishwa. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Akaniuliza, bila kunitazama, kama baba yangu anaondoka peke yake. Nikasema ndiyo. Akapepeta kidogo. Akasema yeye amezeeka, macho yake hayaoni kupita mgomba ule wa mwisho. Kisha akaendelea kupepeta kama hakusema kitu.

Nilitembea hadi kwenye mgomba, hatua fupi. Baada ya hapo unajua. Ulinisikia nyuma yako na hukuuliza, nami sikuwa na pumzi ya kukueleza. Nilifika penye kijito tu, pale pale nilipofika nikiwa mdogo, nikatapika wali wa watu wote walionilisha. Nilikuona ukijifanya unakaza kamba ya mfuko ili usimame. Mfuko hukuwa nao, baba, ulikuwa na kibuyu tu.

Sasa nakwenda kila alfajiri. Nimeshapita kijito, nimefika kilima cha pili. Wasichana wawili wa jirani wameniuliza kama wanaweza kuja. Wazee wengine wamenung'unika, na mmoja alikuja kwa Bibi kumwambia kwamba mjukuu wake, mtu mzima, anaonekana akikimbia. Nilikuwa nasikiliza nyuma ya mlango. Bibi alimuuliza, siku ile ya ngoma wewe ulifika uwanjani wa ngapi? Mzee akaaga. Siku ile alifika baada ya chakula.

Bibi amekaa hapa karibu yangu na anataka niandike maneno yake, nami nayaandika kama yalivyo. Anasema wewe ni mkwe mzuri na huna adabu. Anasema ukija tena, usije na mbio zako mpaka umempa habari. Na anasema ujue kwamba Salehe alimpita pale penye mteremko, kijana wa watu, mwanawe wa kumzaa, na kwamba asingekuwa ameshika kaniki kwa mkono mmoja, angekupita hata wewe.

Mwanao,
Shamsia